Kuchagua kiunganishi cha trela kinachozunguka kwa safari za njia mbovu

Trela yangu ya kwanza niliivuta kwa tufe la kawaida la chuma la milimita 50 lililofungwa nyuma ya gari, kama wengi wanavyoanza. Kwenye lami halikunisumbua hata siku moja. Kisha tukavuka korongo lililokauka. Gari lilikuwa limeshapanda ng'ambo na kusimama sawasawa, trela bado iko ndani imelalia ubavu wa kushoto, gurudumu moja shimoni na jingine juu ya mwamba. Nikasikia chuma kikilia. Usiku ule kambini niliinama na tochi nikaona shingoni mwa tufe, chini kidogo ya duara, alama mbili zinazong'aa zenye umbo la mwezi mwandamo, pale mdomo wa kikombe cha trela kinacholifunika tufe ulipokula chuma. Fundi niliyempelekea siku chache baadaye alipitisha ukucha juu yake.

"Kaka, hapa kikombe kilifika mwisho," alisema. "Kilikuwa kinatafuta njia ya kutoka."

Ndivyo ilivyokuwa. Tufe na kikombe chake huiruhusu trela kujilaza ubavu nyuzi 20 hadi 25 hivi, kutegemea muundo. Ikizidi hapo, mdomo wa kikombe hugota kwenye shingo ya tufe, na nguvu yote ya trela inayoendelea kulala hugeuka kuwa nguvu ya wenzo. Wenzo huo utaking'oa kikombe, au utapinda shingo ya trela, yaani mhimili wake wa mbele unaofika kwenye gari, au utaisokota chesisi ya gari. Trela ikipinduka kabisa, inaweza kulivuta gari nalo lianguke. Kiunganishi kinachozunguka nyuzi 360 kinaondoa mgoto huo: trela inaweza kulala chali huku gari limesimama kwa miguu yake.

Lakini neno "kinachozunguka" limewapoteza wengi. Mtu huona picha ya trela iliyolala ubavu na gari limesimama, anakwenda kununua kitu kinachozunguka, basi. Mzunguko ni sehemu moja tu ya kazi. Nitakupitisha katika mambo ninayoyaangalia, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe.

Kwanza, jiulize kama unakihitaji

Ikiwa safari zako ni barabara za vumbi zilizopitiwa na greda, mashimo ya kawaida na matuta, tufe zuri lililofungwa vizuri linatosha. Lina faida moja kubwa ambayo viunganishi maalumu havina: gari lolote lenye tufe la ukubwa huo linaweza kukuvutia trela gari lako likikwama au kuharibika. Usiliache kwa sababu ya sura.

Kiunganishi kinachozunguka kinaanza kuwa na maana unapovuka makorongo kwa mshazari, unapopita kwenye mifereji mirefu iliyochimbwa na matairi ambako upande mmoja uko juu na mwingine chini, unapopanda miamba, au unapokata vilima vya mchanga. Huko gari na trela havikai tambarare moja kwa wakati mmoja.

Hatua ya kwanza: pima uzito, usikisie

Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko mahali pengine pote, na ndipo watu wengi wanaporuka.

Utahitaji namba tatu. Ya kwanza ni uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa wa trela ikiwa imepakiwa, ule uliogongwa kwenye bamba lake. Ya pili ni uzito halisi wa trela siku ya safari. Ya tatu ni uzito unaokandamiza kiunganishi kutoka juu, ambao nitauita uzito wa shingo.

Uzito halisi hupatikana kwenye mizani ya magari. Fungua trela, iweke peke yake juu ya mizani, usome. Ukikosa mizani, jumlisha kwa uangalifu, ukikumbuka kwamba maji ni kilo 1 kwa lita: tangi la lita 100 ni kilo 100 kabla hujaweka kitu kingine chochote. Dizeli ni kama kilo 0.84 kwa lita, kwa hiyo madumu mawili ya lita 20 ni karibu kilo 34 bila kuhesabu madumu yenyewe. Tairi la akiba la pili, kreti ya vifaa, hema la juu, betri: vyote viandike. Nimeona trela ambayo mwenyewe aliiita "nyepesi" ikipita kikomo chake kwa vitu ambavyo kila kimoja alikibeba kwa mkono mmoja.

Uzito wa shingo unaweza kuupima nyumbani kwa mizani ya bafuni, hata kama ni mkubwa kuliko uwezo wa mizani hiyo. Chukua ubao imara au boriti ya mbao yenye urefu wa zaidi ya sentimita 90. Upande mmoja uegemeze juu ya tofali, upande mwingine juu ya mizani, na katikati ya kila kiegemezo na mbao laza kipande cha bomba ili mbao iguse mahali pamoja tu. Soma mizani ikiwa na mbao tupu, uandike. Kisha shusha shingo ya trela juu ya mbao, sentimita 30 kutoka kiegemezo cha tofali na sentimita 60 kutoka kile cha mizani. Soma tena, toa ile namba ya mbao tupu, zidisha mara 3. Hakikisha trela imekaa sawa kama inavyokaa ikiwa imefungwa kwenye gari, na magurudumu yake yamezuiwa yasibingirike.

Kwa trela za kuvutwa porini, uzito wa shingo wa karibu asilimia 10 ya uzito wa trela ni kipimo kizuri cha kuanzia. Chini sana, trela huanza kuyumba kama mkia. Juu sana, mgongo wa gari unakaa chini na usukani unakuwa mwepesi. Ila kitabu cha gari ndicho kinachoamua: magari mengi ya Ulaya yamewekewa kikomo kidogo, wakati mwingine kilo 75 au 100 tu, na hapo asilimia haina la kusema.

Sasa tafuta bamba au chapa kwenye kiunganishi unachotaka kununua. Vile vilivyoidhinishwa kwa kanuni za Ulaya huonyesha herufi mbili, D na S. S ni uzito wa shingo kwa kilo. D ni nguvu ya mlalo ambayo kiunganishi kimejaribiwa kuihimili, kwa kilonewtoni, na huipati kwa kusoma uzito wa trela pekee, kwa sababu gari nalo linahusika. Hesabu yake ni hii: zidisha uzito wa juu wa gari kwa uzito wa juu wa trela, vyote kwa tani, gawanya kwa jumla ya vyote viwili, zidisha kwa 9.81. Gari la tani 3 na trela ya tani 1.5 vinakupa 4.5 gawanya kwa 4.5, yaani 1, mara 9.81. Kwa hiyo unahitaji kiunganishi chenye D isiyopungua 9.81. Mimi hununua chenye nafasi zaidi ya hapo, maana gurudumu la trela likigonga jiwe kwa mwendo, nguvu inayopita kwenye pini haifanani na ile ya lami. Muulize pia muuzaji kama kikomo kilichoandikwa ni cha barabarani tu au kinafaa hata nje ya barabara, na umwombe akuonyeshe maandishi ya mtengenezaji.

Ukishajua namba za kiunganishi, angalia na jirani zake. Soketi ya nyuma ya gari, ulimi unaoingia ndani yake, pini inayoushikilia, boliti, shingo ya trela, minyororo: kila kimoja kina kikomo chake, na kikomo cha msafara mzima ni kile kilicho kidogo kuliko vyote. Kiunganishi cha kilo 3,500 kwenye soketi ya kilo 1,500 hakikupi hata kilo moja ya ziada.

Hatua ya pili: angalia miendo mitatu, si mmoja

Simama ubavuni mwa trela na uifikirie ikienda. Inapokata kona, shingo yake inageuka kushoto na kulia. Gari likivuka ukingo mkali na kuanza kushuka huku trela bado inapanda, kiunganishi kinakunjika juu na chini. Gurudumu moja likiingia shimoni, trela inalala ubavu. Kiunganishi cha porini lazima kiruhusu miendo yote mitatu, na kiiruhusu kwa pamoja.

Hilo la "kwa pamoja" ndilo ninalotaka ulishike. Vipo viunganishi vinavyozunguka nyuzi 360 bila shida vikiwa vimenyooka, lakini ukivikunja kona vinagota mapema kwenye mwendo wa juu na chini. Porini huwezi kuchagua: utakuwa unakata kona, unashuka na kulala ubavu kwa dakika ileile. Kwa hiyo ukiwa dukani usikizungushe tu kwa mkono ukaridhika. Kigeuze mpaka mwisho kushoto, kisha ukiwa umekishikilia hapo kikunje juu, kikunje chini, halafu ndipo ukizungushe. Tafuta mahali chuma kinapogusa chuma. Rudia kulia.

Kwa kona, omba angalau nyuzi 90 kila upande, ingawa mara nyingi kinachokuzuia mapema si kiunganishi bali pembe ya bampa, au tairi la akiba lililoning'inizwa kwenye mlango wa nyuma, au mkono wa jeki ya trela.

Hatua ya tatu: chagua ukoo

Viunganishi hivi viko vingi sokoni, lakini vina koo chache.

Ndoano na pete ndiyo ya zamani zaidi katika hizi. Jeep za Vita Kuu ya Pili zilivuta vitrela vyao vya robo tani kwa mtindo huu, na majeshi hadi leo hayajauacha. Pete nene ya chuma, mara nyingi yenye kipenyo cha ndani cha milimita 76, inakaa ndani ya ndoano yenye mdomo unaofungwa kwa juu. Katika baadhi yake ndoano yenyewe huzunguka, katika nyingine ni shina la pete. Ni imara, inasamehe matope, na ukiitazama tu unajua kama imefunga. Ubaya wake ni nafasi iliyopo kati ya ndoano na pete. Kila unapokanyaga breki trela inakuja mbele na kugonga, kila unapoondoka inavuta na kugonga tena. Kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo mlio huo hauishi, na vyuma vinalana. Kwa trela nzito ya kazi naikubali. Kwa safari ya siku kumi na watoto kiti cha nyuma, hapana.

Bloku ya poliurethani na pini ndiyo iliyoenea sana Australia, na jina linalojulikana zaidi ni Treg. Pini ya chuma inapita kwenye bloku ngumu inayofanana na raba, na shina nyuma yake linazunguka. Bloku inanyonya mitikisiko, haina kelele, na inabadilishwa ikichoka. Shida ni kufunga: tundu la bloku na matundu ya upande wa gari lazima yakae sawa kabisa ndipo pini ipite, na gari likisimama mahali penye mteremko utarudi nyuma na mbele mara kadhaa. Ukisafiri peke yako, hilo lipime.

Kisha kuna viunganishi vinavyoshuka juu ya pini fupi iliyofungwa mahali pa tufe. DO35 ya Cruisemaster, nayo ya Australia, ndiyo mfano wake maarufu. Kikomo chake ni kilo 3,500. Unarudisha gari, unashusha shingo ya trela kwa jeki, kiunganishi kinajifunga chenyewe, kisha unaweka kizuizi cha usalama. Hakina mchezo mwingi, yaani ulegevu kati ya vyuma, na kinajibu miendo mitatu vizuri. Sharti lake ni usafi: mchanga ukijaa kwenye sehemu inayojifunga, haitafunga mpaka mwisho. Nimejizoeza kupitisha kidole ndani kabla ya kushusha.

Ukoo wa mwisho ni ule wa krosi, wenye muundo unaofanana na krosi ya propela ya gari. McHitch ya Australia na Lock N Roll ya Marekani wamo katika ukoo huu. Miendo yote imetenganishwa kwenye mihimili yake, kila mmoja na bushi au beringi yake, kwa hiyo hakuna kinachomwingilia mwenzake. Ni vizito kidogo, vina sehemu nyingi zaidi zinazotaka grisi, na vikitunzwa vinadumu. Ukiniuliza mimi, kwa trela ya tani moja mpaka mbili inayokwenda mbali na peke yake, ningechagua kati ya huu na ule wa pini fupi, na ningeamua kwa kuangalia ni upi vipuri vyake nitavipata kwa urahisi.

Jambo moja linazihusu koo hizi zote, ukiacha ndoano na pete: pini au ulimi wa upande wa gari huwa ni wa mtengenezaji huyohuyo. Gari lako likifa njiani, msamaria mwenye tufe hawezi kukusaidia. Nunua pini mbili mwanzoni, moja ikae kwenye sanduku la vifaa pamoja na spana yake. Na kama shingo ya trela yako ina bamba la boliti, tafuta kikombe cha kawaida chenye mpangilio uleule wa matundu ukibebe kama akiba.

Hatua ya nne: kiunganishi kitakaa wapi, na kitaongeza urefu upande gani

Baadhi ya viunganishi vina sehemu inayozunguka upande wa trela, vingine upande wa gari. Kwenye karatasi inaonekana ni mamoja. Si mamoja.

Chukua gari lenye mita 2.7 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na uweke kilo 100 za shingo ya trela mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya mbele inapungukiwa karibu kilo 44, na ya nyuma inabeba 144. Sasa ongeza kiunganishi kinachorefusha upande wa gari kwa sentimita 25. Mbele zinapungua kilo 54. Uzito wa trela haukubadilika hata kilo, lakini magurudumu yanayoshika usukani yamekuwa mepesi zaidi, na mkia mrefu utagonga ardhi mapema unapotoka korongoni. Urefu ukiongezeka upande wa trela, unapata nafasi ya kukunja kona bila shingo kugusa bampa, na kurudi nyuma kunakuwa rahisi kidogo. Kwa hiyo vitu vingine vikiwa sawa, mimi huchagua mzunguko ukae upande wa trela na upande wa gari uwe mfupi iwezekanavyo.

Pima na kimo. Trela ikiwa imepakiwa na kufungwa, inatakiwa kukaa sambamba na ardhi. Shingo ikiinama sana mbele au kuinuka, umeshakula sehemu ya mwendo wa juu na chini kabla hujatoka nyumbani. Trela yenye ekseli mbili huumia zaidi hapa, kwa sababu ekseli moja inabeba mzigo wa mwenzake.

Ukubwa wa soketi nao uangalie. Zile za inchi 2 ndizo zimeenea, lakini magari mazito yana za inchi 2.5, na vipo vipunguzio vya kuoanisha. Kipunguzio ni kiungo kingine cha kucheza na kugonga, kwa hiyo afadhali ununue ulimi wa saizi yenyewe. Na shina la pini au la tufe lijaze tundu lake. Tundu likiwa pana kuliko shina, usizibe kwa washa wala kipande cha bomba ulichokata mwenyewe. Tumia bushi ya mtengenezaji, au ulimi mwingine.

Kosa linalofanana na hilo lipo hata kwa wanaobaki na tufe: milimita 50 na inchi 2 si kitu kimoja. Inchi 2 ni milimita 50.8. Kikombe cha milimita 50 kikilazimishwa juu ya tufe la inchi 2 kinaweza kuonekana kimefunga kumbe hakijafika mwisho.

Hatua ya tano: breki na fito za kugawanya uzito

Kama trela yako inafunga breki kwa kujisukuma yenyewe mbele gari linapopunguza mwendo, kichwa chake kina shina linaloteleza, nawe unahitaji kiunganishi kilichotengenezwa kwa mtindo huo. Ukifunga kile cha kawaida, umeondoa breki. Breki za umeme hazina sharti hilo. Zile fito za springi za kugawanya uzito kati ya ekseli, nyingi haziendani na kiunganishi kinachozunguka kikamilifu, kwa kuwa zenyewe hupinga trela inapojaribu kulala ubavu. Pata jibu la mtengenezaji kabla ya kuviweka pamoja. Trela yenye gurudumu moja haifai kabisa kiunganishi hiki, maana inategemea gari kuishikilia isianguke ubavuni.

Hatua ya sita: minyororo na waya

Minyororo miwili, imepishana chini ya shingo ya trela kama herufi X, ili shingo ikichomoka iangukie juu yake badala ya kuchimba ardhi. Iwe mirefu vya kutosha kukunja kona hadi mwisho na isiburuzwe chini. Tumia shakeli, yaani pingu za chuma zenye pini, zilizogongwa kikomo cha uzito. Ile isiyo na maandishi hujui inabeba nini. Kamba ya breki ya dharura ifungwe mahali pake peke yake kwenye gari, isiunganishwe na minyororo. Sheria za minyororo na breki ya dharura hutofautiana kati ya nchi na nchi, na zinabadilika kulingana na uzito wa trela, kwa hiyo zisome za nchi unazopita.

Waya wa taa unasahaulika. Kiunganishi kinaweza kuzunguka kikamilifu, lakini waya uliofupishwa vizuri kwa ajili ya lami utakatika trela inapolala tu. Uache ulegevu, uupitishe juu ya shingo badala ya chini, na uufunge kwa kitu kinachokubali kuvutwa.

Hatua ya saba: kufunga

Tumia boliti zenye daraja alilotaja mtengenezaji. Namba iko juu ya kichwa cha boliti, 8.8 au 10.9, na boliti isiyo na namba irudishe ilikotoka. Nati zenye pete ya nailoni ndani hutumika mara moja. Ukizifungua, weka mpya. Kaza kwa spana ya kupimia nguvu hadi kiasi kilichoandikwa kwenye maelekezo, si kwa bomba refu na uzito wa mwili.

Ikiwa lazima uchomelee, mpe kazi hiyo mtu anayechomelea chesisi kila siku. Ondoa bloku na bushi zote kabla, kwa sababu joto litaziharibu bila kuacha dalili nje. Chuma kilichopakwa zinki kisafishwe mpaka kwenye chuma chenyewe, na kazi ifanywe mahali penye hewa, kwani moshi wa zinki unaleta homa. Niliwahi kupokea shingo iliyochomelewa vizuri kwa macho, rangi mpya juu. Miezi mitatu baadaye mstari mwembamba wa kutu ulijitokeza kando ya mshono, mwembamba kama unywele. Ulikuwa ufa. Tangu hapo naomba kuuona mshono kabla haujapakwa rangi.

Hatua ya nane: jaribu uwanjani

Usiende porini na kiunganishi ambacho hujakiona kikifika mwisho wake. Fanya jaribio hili mahali tambarare, mkiwa wawili, mmoja kwenye usukani na mwingine akitazama akiwa kando, kamwe si katikati ya gari na trela.

Funga trela. Nyoosha gari, kisha inua gurudumu moja la trela kwa jeki taratibu, huku lile jingine limezuiwa na hendibreki ya gari imevutwa. Tazama nafasi kati ya sehemu inayozunguka na ile isiyozunguka. Inatakiwa kuzunguka laini, bila kushikashika, na shingo ya trela isionyeshe kujikunja. Shusha, fanya upande wa pili. Kisha kata kona hadi mwisho kushoto, polepole, mwenzako akipaza sauti shingo inapokaribia bampa. Weka alama ya chaki pale usukani ulipo, uujue mpaka wako. Fanya kulia. Mwisho panda ukingo au rampu fupi ili gari likiwa juu trela iwe chini, halafu urudie kwa mshazari, ambapo miendo yote mitatu inakutana. Hapo sikiliza. Kiunganishi kizuri kinakaa kimya, au kinatoa mkwaruzo mdogo wa chuma kipya. Mlio mkavu mmoja, kama wa kuvunja kijiti, unamaanisha kitu kimegota. Simama, tafuta rangi iliyobanduka, na hapo ndipo penye tatizo.

Baada ya safari ya kwanza

Kabla hujaondoka, chora mstari wa rangi unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye bamba, kwa kila boliti. Simama baada ya kilomita 20 hivi na utazame. Mistari ikiwa bado imenyooka, endelea. Ukikuta mmoja umevunjika njia, nati imezunguka, kaza upya kwa kipimo na ufute mstari uchore mwingine.

Ukirudi, osha kwanza kwa maji ndipo upige grisi. Grisi iliyochanganyika na mchanga inasaga chuma kama msasa, na ukiongeza grisi mpya juu yake umeongeza tu kiasi cha msasa. Piga mpaka ile ya zamani, nyeusi yenye chembe, itoke yote na mpya ionekane safi pembeni. Bloku za poliurethani usizipake kitu isipokuwa maelekezo yake yanaagiza. Kisha shika shingo ya trela kwa mikono miwili, itikise juu na chini, kushoto na kulia, na uandike kwenye daftari la gari ni mchezo kiasi gani umeusikia siku hiyo, ili safari ijayo uwe na cha kulinganisha nacho.